Namba Niliyoiacha Njiani

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, hata ninapojitahidi kuisahau. Ilikuwa Jumamosi, jua la saa nane mchana, nami nilikuwa na miaka kumi na saba na raba nyeupe miguuni. Nilisimama ukingoni mwa mtaro wa maji meusi kule Mukuru kwa Njenga, nikatazama ng'ambo, kisha nikageuka nikarudi nyumbani. Ni hilo tu nililolifanya. Sikuiba, sikumpiga mtu. Niligeuka tu, na leo nimejaa mvi hapa mtaa wa Mowlem bado sijamaliza kujuta.

Lakini nikianzia hapo hutanielewa. Ngoja nikuanzie kwa dada yangu.

Mwikali alinizidi miaka miwili. Tuliishi Dandora, katika vyumba viwili vya mawe ambavyo Baba alivijenga mwenyewe, kimoja kwanza, cha pili miaka mingi baadaye. Baba alikuwa mchonga vinyago, Mkamba aliyekuja Nairobi na tezo lake, na alikaa mlangoni akichonga ndovu na twiga kutoka asubuhi hadi macho yakatae. Vinyago ambavyo havijaisha alivilaza chini ya kitanda vikauke polepole, maana mti ukikaushwa kwa pupa hupasuka. Na hata vikipasuka hakuvitupa. Aliujaza ufa kwa nta na unga wa mbao, akasugua, na wewe ukinunua hungejua kitu.

Mwikali hakuijua siri hiyo ya nta. Msimu wa mvua Mama alishikwa na homa kali, makaa yote yakalowa, na hapakuwa na kijiti kikavu nyumba nzima. Dada akainama chini ya kitanda, akaona ndovu wawili wenye masikio yaliyopasuka, akadhani ni takataka. Akawatia jikoni, akapika uji. Mama alikunywa, akatoka jasho, akalala usingizi wa kwanza baada ya siku tatu. Mpaka leo nasema uji ule ndio uliomwokoa.

Baba aliporudi kutoka mjini kuuza vinyago na kuona vichwa vya ndovu vimebaki majivu, alisimama mlangoni majirani wakisikia, akasema, "Mkono uliochoma kazi yangu usinawe tena nyumbani kwangu."

Unajua maana ya neno hilo. Mtu asiponawa hali. Mwikali alikuwa ameshika kikombe cha uji cha Mama, akakiweka chini taratibu, akatoka. Tulidhani ameenda kulia kwa jirani. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na aliyetufundisha methali hiyo ni Baba huyo huyo. Giza likaingia, kukacha, dada hakurudi.

Siku hizo nilikuwa na sifa moja, na sifa ikizidi huwa ni ugonjwa. Nilikuwa wa kwanza darasani katika hesabu, nami nilihakikisha kila mtu mtaani anajua. Karibu nasi palikuwa na duka la Mzee Athumani, mtu wa pwani, karani mstaafu wa maghala, mkali, mwenye kutafuna tangawizi mchana kutwa. Alipima sukari kwa namna iliyowachosha wateja, akiongeza punje na kupunguza punje mpaka mkono wa mizani usimame katikati kabisa. Watoto walimcheka. Siku moja nikajitapa pale dukani kwamba hakuna hesabu inayonishinda. Mzee akachana karatasi ya kufungia sukari, akaandika kwa penseli: 1,022,117.

"Niambie kama ni tasa," akasema. "Sina haraka."

Nikueleze, usije ukapotea njiani. Chukua vizibo vya soda kumi na viwili. Unaweza kuvipanga safu tatu za vizibo vinne vinne, vikakaa sawa. Sasa ongeza kimoja viwe kumi na vitatu. Panga utakavyo, haviwezi kukaa safu zilizolingana, labda uvilaze vyote katika mstari mmoja. Kumi na tatu ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Sasa Mzee alikuwa ananiuliza: vizibo milioni moja, elfu ishirini na mbili, mia moja na kumi na saba, vinaweza kupangika kwa safu au haviwezi?

Nilirudi nyumbani nikicheka. Inaishia na saba, basi haigawanyiki kwa mbili wala kwa tano. Jumlisha tarakimu zake, unapata kumi na nne, basi tatu nayo haimo. Saba ikaacha baki ya tano. Kumi na tatu nayo baki ya tano. Kumi na saba, baki ya tisa. Nikaona kazi ipo. Nikaandika namba zote kutoka moja hadi elfu kwenye daftari kuukuu, nikazifuta zinazogawanyika, zikabaki tasa mia moja sitini na nane. Hizo ndizo nilizopaswa kuzijaribu moja moja kwa mkono, jioni baada ya jioni. Kikokotoo hatukuwa nacho.

Kazi hiyo ilikuwa bado changa wakati mwanamke mmoja wa kanisani alipokuja kutuambia amemwona Mwikali. Alimwona Mukuru, kwenye foleni ya vibarua langoni mwa kiwanda. Mama hakuwa na nguvu ya kutembea. Baba nguvu alikuwa nazo, ila kiburi kilimfunga miguu. Hakulala, hakula vizuri, lakini kwenda hakwenda. Alichofanya ni kuchukua fimbo ya muhugu, akailainisha, akaniita.

"Nenda ukamtafute dada yako," akasema bila kunitazama. "Kila safu ya nyumba ukiimaliza, uniambie nikate alama hapa."

Basi kila Jumamosi nilitoka Dandora kwa miguu, nikakata Umoja, nikakata Donholm, mpaka Mukuru. Sehemu ile aliyotuelekeza yule mama wa kanisani ilikuwa na safu ishirini na moja za nyumba za mabati, zikishuka kutoka barabarani hadi mtaroni. Nilifanya safu tatu kila Jumamosi. Hodi, habari zenu, namtafuta msichana anaitwa Mwikali, mrefu, ana kovu la moto mkono wa kulia. Wengine walinijibu vizuri, wengine walinifukuza. Nilirudi, Baba akakata alama, na Mama akapakua sahani nne kama alivyokuwa akipakua siku zote. Ya nne aliifunika kwa mfuniko wa sufuria mpaka asubuhi. Mimi ndiye niliyeila ikiwa imepoa, na nikuambie ukweli, niliila kwa furaha.

Jumamosi ya saba ndiyo ile niliyokuanzia. Mjomba alikuwa amenipa raba nyeupe, na saa kumi Dandora kulikuwa na mechi ambayo wasichana wote wa mtaa wangekuwapo. Nilimaliza safu ya kumi na tisa. Nikamaliza ya ishirini. Ya ishirini na moja ilikuwa peke yake ng'ambo ya mtaro, milango kama saba hivi, na daraja lake lilikuwa ubao mmoja uliojaa utelezi. Maji ya viwandani yalipita chini yake yakinuka. Nilizitazama raba zangu. Nikajiambia, Mwikali ni mtu wa usafi, hawezi kuishi pale. Tena watu wote hawa wamesema hawamjui, hao saba watasema nini kipya? Akili ya mtu aliyechoka haikosi hoja, mwanangu. Nikageuka.

Nyumbani Mama aliniuliza, "Mutua, umefika mwisho?"

"Nimefika, Mama. Nyumba zote. Hayupo."

Baba akachukua kisu akakata alama ya ishirini na moja. Aliikata kwa kina kuliko nyingine zote. Jioni hiyo Mama akapakua sahani tatu.

Mechi tulishinda. Hata sikumbuki nani alifunga.

Wiki tatu baadaye nilimaliza namba ya Mzee Athumani. Tasa ya mwisho chini ya elfu ni mia tisa tisini na saba, nayo iliacha baki ya mia moja tisini na mbili. Nikafunga daftari kwa kishindo, nikaenda dukani kifua mbele.

"Mzee, ni tasa."

"Umejaribu ngapi?"

"Mia moja sitini na nane. Zote."

"Zote mpaka wapi?"

"Mpaka mia tisa tisini na saba. Baada ya hapo ni elfu."

Mzee Athumani aliweka chini kijiko cha sukari. "Elfu ina nini?"

 Nilisema tu kwamba elfu ni namba iliyokamilika, mtu anaona kabisa kwamba amefika.

"Elfu ni vidole vyako, bwana mdogo. Una vidole kumi, basi unapenda kumi, unapenda mia, unapenda elfu. Namba hii haina vidole. Haijui kwamba umechoka." Akachana karatasi nyingine. "Zidisha elfu moja na kumi na moja kwa yenyewe."

Nikazidisha. Milioni moja, elfu ishirini na mbili, mia moja ishirini na moja.

"Imeizidi yako kwa ngapi?"

"Kwa nne."

"Nne ni mbili mara mbili. Basi kutoka elfu moja na kumi na moja shuka hatua mbili, kisha panda hatua mbili."

Elfu moja na tisa. Elfu moja na kumi na tatu. Nikazizidisha, nikapata ile namba yangu kamili, hakuna baki. Kumbe vile vizibo vilipangika kwa safu tangu mwanzo. Mzee akanieleza kwamba namba yenyewe humwambia mtu pa kusimama. Ikiwa inagawanyika, kigawanyo chake kidogo hakiwezi kufika elfu moja na kumi na moja, kwa sababu chenyewe na mwenzake vikifika huko vyote viwili, vikizidishana vitaipita. Hapo ndipo palipokuwa mwisho wa safari yangu, si kwenye elfu. Na kati ya elfu na mwisho huo ilikuwapo tasa moja tu ya kujaribu.

"Ulibakisha moja," akasema. Hakuwa amepandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mia moja sitini na nane umezifanya, ukaacha moja, ukaja hapa kuniambia 'zote'. Ungeniambia 'Mzee nimechoka, nimefika hapa,' ningekupa kiti na chai ya tangawizi. Kuchoka si aibu. Aibu ni hilo neno lako, 'zote'. Sasa kama nisingekuwa najua, ningeifunga karatasi hii, na hakuna mtu angeifungua tena."

Nilimwona Mama na zile sahani tatu. Sikuaga. Nilitoka dukani mbio, nikiwa na ndala miguuni, na sikupumzika mpaka Mukuru. Ule ubao niliuvuka kwa mikono na magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama nikiwa nimechelewa.

Mlango wa kwanza hawakumjua. Wa pili ulifungwa. Wa tatu alitoka mama mmoja amebeba beseni la nguo, akanitazama usoni, kisha akanitazama miguuni.

"Si wewe ndio yule kijana wa raba nyeupe?"

Nikamwambia ndimi.

Akaliweka beseni chini. "Ulikuwa wapi? Huyo msichana alikuwa anakaa na mimi hapa. Kila Jumamosi anasimama hapo nyuma ya pazia anakuangalia ukishuka. Safu moja, ingine, ingine. Ananiambia, 'Mama Kavata, huyo ni ndugu yangu.' Namwambia si uende umwite! Anakataa. Anasema, 'Wacha afike mwenyewe. Akipiga hodi hapa kwa mlango, nitajua nyumbani wananitaka kweli, nitarudi na yeye.'"

Nilichuchumaa kando ya beseni.

"Ile siku ulifika hapo kwa maji, alikuwa ashafunga mkoba wake. Alikuwa amesimama hapa, hapa hapa nimesimama. Tukakuona umegeuka." Mama Kavata alijipangusa mikono kwa leso, ingawa ilikuwa mikavu. "Alilia sana huyo mtoto. Akangoja Jumamosi ingine. Akangoja ingine. Juzi Alhamisi akaenda na wasichana wengine, walisema kuna kazi mbali. Wapi, hakuniambia. Kijana, kwani hizo hatua kumi zilikushinda nini?"

Mwanangu, nimeulizwa maswali mengi katika maisha yangu. Hilo bado sijalijibu.

Nilimwambia Baba jioni hiyo hiyo. Nilitaka anipige. Ningefurahi kama angenipiga. Yeye aliichukua ile fimbo, akapitisha kidole gumba juu ya alama ya mwisho. Mchongaji anajua kuliko watu wote kwamba ukishakata, umekata. Ufa una nta yake, lakini alama iliyokatwa kwa kisu haijazwi. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyeanza kukata." Kesho yake kiburi kilimtoka, akaenda Mukuru mwenyewe, na akaendelea kwenda hadi miguu ilipomkatalia. Mama alirudi kupakua sahani nne. Alipakua nne mpaka mwaka aliokufa, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuila ile ya nne.

Mwikali sikumpata. Nimeuliza kwa machifu, kwa makanisa, kwa hospitali, kwa mahali ambapo sitaki kupataja. Nimezeeka nikiuliza.

Juzi mjukuu wangu alikuta ile karatasi ya sukari ndani ya Biblia yangu, ikiwa njano na penseli imefifia. Akaipiga namba hiyo kwenye simu yake. Sikuwa hata nimevaa miwani.

"Babu, hii si tasa," akasema. "Ni elfu moja na tisa mara elfu moja na kumi na tatu. Simu imejibu chapchap. Kwani hii iliwasumbua?"

Nikamwambia ndiyo, ilitusumbua kidogo. Nilijua nikianza kumweleza nitalia mbele yake, na vijana wa siku hizi wakiona mzee analia wanadhani anaumwa. Kwa hiyo nakuandikia wewe, nawe umsomee atakapokua.

Nasikitika kwamba simu ile ilimpa jibu bila kumpa safari. Siilaumu simu. Ningekuwa nayo mimi ningeitumia, na Mzee Athumani, Mungu amrehemu, angenikemea tu. Lakini yako mambo ambayo hakuna simu itakayokufanyia. Hakuna itakayokuvukia mtaro. Hakuna itakayompigia hodi mtu aliyejificha nyuma ya pazia akihesabu hatua zako.

Basi nisikilize, kwa maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu unaliona. Ukipewa kazi ya kutafuta, usiulize miguu yako pa kusimama. Uliza kazi yenyewe, inajua mwisho wake uko wapi. Ukichoka, keti. Sema mbele ya watu, "Nimefika hapa, pamebaki pale." Watakuelewa, na mwingine atapokea akaendelea. Lakini usiseme "zote" ukiwa umebakisha moja. Neno hilo hufunga mlango, na wanaokupenda wakikuamini watapunguza sahani mezani. Na kama wewe ndiye uliyefukuzwa, ukasimama nyuma ya pazia unangoja ufuatwe, nakusihi, vuka wewe. Hao wanaokutafuta ni binadamu, wana raba nyeupe, wana mechi saa kumi. Usiyaweke maisha yako mikononi mwa mpumbavu wa miaka kumi na saba.

Na wewe uliye baba, chunga ulimi. Hasira ni hasara, na ndovu wawili wa mti hawafiki popote mbele ya binti mmoja.

Mungu akupe pumzi ya kufika mlango wa mwisho, mwanangu, na utakapobisha, akuwekee mtu ndani wa kukuitikia. Watoto wako wasikupoteze, nawe usiwapoteze. Na popote utakapofika, ukikutana na mama mzee, mrefu, mwenye kovu la moto mkono wa kulia, msalimie kwa heshima, mnawishe mikono umkaribishe chakula. Kisha mwambie Mutua alivuka. Alichelewa, lakini alivuka.